Miliampea 20.16

Kazi ya vipimo nilijifunza Changamwe, Mombasa, katika kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963. Nilistaafia Sparkbrook, Birmingham, katika karakana ndogo nyuma ya maduka ya Stratford Road. Kiwanda cha pikipiki za BSA pale jirani, Small Heath, kilikuwa kimeshakufa zamani, na kazi za chuma zimebaki kwa mafundi wachache kama sisi. Wageni huja mtaa ule kula balti. Sisi tulikuwa tukiletewa transmita za presha kutoka vituo vya gesi tuzipime na kuzirekebisha.

Ndani ya bomba huwekwa bamba lenye tundu. Gesi ikipenya, presha ya mbele ya bamba huizidi kidogo ya nyuma, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kiasi kinachopita. Transmita huipima na kutoa miliampea 4 tofauti ikiwa sufuri, na 20 ikifika juu kabisa. Sasa fikiri: tofauti yenyewe huenda ikawa nusu bar tu, ilhali pande zote mbili za chombo zinabanwa na bar 70 za bomba. Kwenye meza ya karakana hizo 70 hazipo. Upande mmoja tunautia hewa ya pampu, wa pili tunauacha wazi.

Bar 70 si mchezo. Katika transmita nyingi za zamani zilibana mwili wa kihisio hadi diaframu ikakazika kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa motoni, na ikishakazika haipindi inavyotakiwa. Chombo kikasoma pungufu. Sufuri nayo husogea, lakini hiyo dawa yake rahisi: ukiwa pale pale kwenye bomba, unafunga vali ya upande mmoja, unafungua ile ya katikati, presha inakuwa sawa pande zote, unairudisha. Kipimo cha juu hakitibiki hivyo, kwa kuwa bombani huna tofauti unayoijua kwa hakika.

Hapo lazima upige hesabu. Aina moja tuliyoishika sana ilipungukiwa karibu 1% kwa kila psi 1,000, yaani bar 69. Ikiwa kipimo cha juu ni milibar 500, mezani tunaiwekea miliampea 20 kwenye milibar 495. Ukiipa 500 kamili palepale mezani, itasoma 20.16.

"Mzee, hii imezidi," aliniambia kijana wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, bisibisi tayari mkononi.

"Imezidi hapa. Huko iendako itatosha."

Hakuridhika. Nikamwonyesha mashine yetu ya kupimia kwa mawe ya uzito. Mawe yaleyale, nikamwambia, ukiyapeleka Mombasa yatasukuma pungufu kwa kama 0.3%, kwa sababu mvuto wa dunia Birmingham ni 9.813 na Mombasa ni 9.781. Jiwe halijapungua hata chembe. Hilo lilimwingia upesi kuliko habari zangu zote za diaframu.

Waliotusumbua hasa walikuwa wahandisi wa wateja. Mmoja, simtaji, alikuwa akizipokea transmita zetu, anazijaribu mezani kwake, anaona 20.16, anazirudisha 20.00, kisha anatuandikia barua ya kulalamika. Kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ile, kosa la 1% la presha humwondolea karibu 0.5% ya gesi aliyouza. Ni fedha nyingi kutupwa kwa ajili ya namba nzuri.

Vyombo vipya hupima presha ya bomba vyenyewe na kujirekebisha, na navisifu. Vya zamani bado vipo kazini. Basi wewe unayeshika bisibisi leo, kabla ya kugusa chochote soma cheti. Na ukimaliza, andika humo umefidia presha ya bomba kiasi gani. Fundi ajaye baada yako hana njia nyingine ya kujua.