Sensa za Madirisha

Kaka yangu ametuma kifurushi kutoka Dar: sensa sita za madirisha, kila moja na sumaku yake. Nizifunge nyumbani kwa Mama, Bangwe, kabla sijarudi kazini. Nilipomtajia Mama jina la kifaa alinishangaa. Sensa si ilifanyika 2022, tukahesabiwa wote?

Siwezi kumcheka kaka. Mama ana miaka sabini na kitu, anaishi peke yake, na mwezi uliopita nyumba ya tatu kutoka kwake waliibiwa simu na redio usiku.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Sumaku inabandikwa kwenye sehemu inayofunguka, swichi kwenye fremu. Vikikaa pamoja, kimya. Vikiachana, kengele inalia hapo hapo, na simu ya kaka inalia kule Dar, zaidi ya kilomita 1,000. Wazo ni la zamani: mwaka 1853 mchungaji mmoja wa Massachusetts, Augustus Pope, alipata hataza ya kengele ya umeme ya milango na madirisha. Huko baridi inawafanya watu wafunge madirisha miezi mingi. Huku kwetu joto likipanda, dirisha likifungwa hulali. Mama anafungua ili upepo wa ziwa uingie, na asikie wavuvi wa dagaa wakirudi alfajiri.

Halafu sebuleni ni luva. Mwizi anachomoa kioo kimoja kimoja, fremu haijatikisika, sumaku imetulia. Na wale majirani hawakuvunjiwa chochote. Dirisha lilikuwa wazi, nondo zipo, mwizi akapitisha mti wenye ndoano akavuta vitu mezani. Mji wa wavuvi, bwana, hata wizi ni uvuvi.

"Mwanangu, hii ikilia atakuja nani?" Mama aliuliza.

"Kaka atapata taarifa, Mama."

"Halafu?"

"Halafu atakupigia."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mwaka jana alipozidiwa usiku hakupiga simu. Aliita tu dirishani, na jirani wa mbele, mama mmoja anayeuza dagaa, akafika hata viatu hajavaa. Sijui kama angesikika kupitia vioo vilivyofungwa.

Basi nimefunga mbili: dirisha la stoo na la chumba cha wageni, ambayo hayafunguliwi kabisa. Meza ya sebuleni nimeisogeza mbali na dirisha, mti usiifikie. Kwenye nondo za chumbani kwa Mama nimeweka wavu wa chuma wa matundu madogo. Ndoano haipiti, upepo unapita, sauti inapita.

Kaka anauliza zile nne zimekwenda wapi. Sijamjibu, maana jana yule mama wa dagaa ametuaga: baada ya Idi anahamia Kasulu kwa binti yake, na nyumba yake bado haijapata mpangaji.