Kabila Gani, Nguvu Ngapi?

Mwaka jana niliahidi kuwafundisha wenzangu watatu wa bweni mchezo wa Dungeons & Dragons. Kitabu cha kanuni, toleo la 2014, kilikuwa cha Kiingereza. Kwa kuwa nasoma tafsiri, nikajitolea kuandika muhtasari kwa Kiswahili. Nilikwama mapema, kwenye neno race. "Rangi" halikufaa, kwa maana orki hatofautiani na wengine kwa ngozi tu. "Taifa" halikufaa pia. Nikaandika "kabila", nikaendelea.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Nguvu ya mtu wa kawaida ni 10. Ukichagua nusu-orki, unaongezewa 2. Ukichagua haflingi, mtu mfupi wa futi 3 hivi, unaongezewa wepesi, si nguvu. Alama 2 hizo zinakupa 1 zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 5. Ni kidogo, lakini zinatosha kumfanya kila mchezaji aseme: haflingi awe mwizi, nusu-orki awe mpiganaji.

Mwenzetu mdogo kuliko wote alisoma karatasi yangu, akaiweka mezani. "Yaya," akaniuliza, "miye nacheza muntu ao nacheza kabila?"

Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka babu yangu. Alikuwa akisimulia kwamba siku alipokwenda kuomba kazi ya mgodi, aliulizwa kwanza kabila lake, ndipo akapimwa kifua. Jibu la kwanza lilikuwa limekwisha kuamua. Nami, kwa neno moja la haraka, nilikuwa nimeirudisha meza ile bwenini kwetu.

Mtu anaweza kunipinga: orki ni kiumbe mwingine kabisa, tembo na mbuzi hawabebi mzigo sawa, na kusema hivyo si ubaguzi. Ni kweli. Lakini kitabu chenyewe hakifuati hesabu ya miili. Kwa kanuni ya 2014, haflingi mwenye nguvu 10 anabeba ratili 150, sawasawa na binadamu, ingawa yeye mwenyewe ana uzito wa ratili 40 hivi. Kama ingekuwa elimu ya viumbe, hapo ndipo tofauti ingeonekana. Kinachopimwa pale ni sifa: nani "anajulikana" kuwa na nguvu. Na sifa ya namna hiyo ndiyo tunayoipa makabila.

Watunzi nao wamebadilika. Mwaka 1978 haflingi alipunguziwa nguvu kwa 1. Mwaka 2020 kitabu cha nyongeza kiliruhusu mchezaji ahamishe alama zake atakako. Toleo la 2024 liliacha neno race, likazitoa nyongeza hizo kwenye uzawa na kuziweka kwenye maisha aliyopitia mhusika: mkulima, askari, baharia.

Nilirudi kwenye karatasi yangu nikafuta "kabila". Niliandika maneno mawili: "umbo", kwa urefu na macho yanayoona gizani, na "malezi", kwa nguvu na ujuzi. Si tafsiri sahihi ya toleo la 2014, na mwalimu wangu angeweza kunikata alama. Lakini Jumamosi iliyofuata mwenzetu alikuja na haflingi aliyelelewa akibeba magunia sokoni, na mlango uliotushinda sote, yeye aliuvunja.