Uso Upewe Haki Yake

Hapana nyumba mjini, iwe ya chumba kimoja cha kupanga au yenye ukumbi na mazulia, isiyokuwa na picha ya jamaa iliyotundikwa ukutani au kuhifadhiwa kabatini. Picha hiyo ni shahidi wa ukoo: humwonyesha mgeni nani kamzaa nani, nani alioa mwaka gani, na nani ametangulia mbele ya haki. Siku hizi shahidi huyo amekuwa rahisi kumwita. Watu wengi hutembea na kamera ndani ya simu zao, na harusi moja ya Jumamosi huzaa picha nyingi kuliko zile ambazo babu zetu walipigwa maisha yao yote. Walakini, wingi wa picha si wingi wa sura. Ukizipitia kwa makini utaona jambo linalokera: gauni la bibi harusi limeng'aa hata nakshi zake hazionekani, na nyuso za waliomzunguka zimekuwa giza tupu, macho na meno tu ndiyo yanayosomeka.

Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Ni mfanyakazi wa kawaida ambaye kwa miaka mingi hukabidhiwa kamera katika shughuli za ukoo, kwa kuwa ndiye anayeipenda kazi hiyo. Katika kuifanya nimejifunza jambo moja ambalo ningependa tulizungumze leo, ndugu msomaji: kamera ya kidijitali hupima mwanga kwa usahihi mkubwa, lakini haijui ni kitu gani mbele yake chenye thamani. Kuchagua cha kuokolewa ni kazi ya mtu aliyeishika.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Nyuma ya lenzi, pale ilipokaa filamu zamani, kamera ya kidijitali ina kipande kidogo kiitwacho kihisi mwanga. Miongoni mwa waasisi wa njia hiyo ni Willard Boyle na George Smith, ambao mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, walibuni chombo kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme zinazoweza kuhesabiwa. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera iliyotumia chombo cha namna hiyo. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuiandika kwenye kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23. Leo simu ya kawaida ina nukta mamilioni, lakini msingi ni ule ule.

Fikiria uwanja uliopangwa mamilioni ya vikombe vidogo siku ya mvua. Kikombe kilicho mahali penye mwanga mwingi hujaa upesi. Kikishajaa, matone yanayozidi humwagika na hayahesabiwi. Vikombe viwili vilivyofurika vyote husema "nyeupe", hata kama kimoja kilistahili maradufu ya mwenzake. Hapo ndipo nakshi za gauni hupotea, na maji yakimwagika hayazoleki. Kikombe kilicho kivulini, kwa upande wake, hupata matone machache. Hesabu yake ni ya kutilia shaka, na tukijaribu kuikuza baadaye huleta zile chengachenga tulizozizoea katika televisheni yenye antena mbovu. Nafasi iliyopo kati ya kikombe kilichojaa pomoni na kile chenye matone machache ya kuaminika ndiyo upana wa mwanga wa kamera.

Mafundi huupima upana huo kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya ile iliyotangulia. Kamera nzuri za leo zenye kihisi kikubwa hupokea hatua 12 hadi 14 hivi kwa picha moja. Na hatua 14 ni sawa na tofauti ya 1 kwa 16,384. Karatasi ya picha huonyesha karibu nusu tu ya hatua hizo. Sasa chukua mchana wa Dar es Salaam, jua likiwa utosini, kanzu nyeupe juani na uso uliofunikwa na kivuli cha kofia. Upana wote wa karatasi unaweza kumalizwa na mtu mmoja, kutoka bega lake hadi shavu lake.

Taabu nyingine inatokana na kipimo kilichomo ndani ya kamera. Kwa desturi, kipimo hicho huamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu cha wastani. Na kijivu ambacho wapiga picha wamezoea kukitumia kama mfano ni kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Nguo nyeupe safi hurudisha karibu mara 5 ya hapo. Kwa hiyo kanzu au shela ikijaa ndani ya picha, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, kanzu hugeuka kijivu, na uso wa mwenye kanzu huzama gizani. Likijaa koti jeusi la bwana harusi, kamera hufanya kinyume: huongeza mwanga, koti hupauka, na shela iliyo kando yake huungua. Simu za kisasa hujitahidi kuzitambua nyuso, na nyingi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha. Hata hivyo, akili hiyo nayo imefundishwa na watu, na watu huanza na wanachokiona karibu nao.

Jambo hili lina historia yake. Enzi za filamu za rangi, maabara nyingi zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Uso wake ndio uliokuwa mizani. Mtoto mweusi alipopigwa picha na wenzake weupe darasani, yeye ndiye aliyepoteza umbo. Lorna Roth, mtaalamu wa Kanada aliyelichunguza suala hili na kuliandika mwaka 2009, ameeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka kampuni ya Kodak ikaiboresha filamu yake walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao hawakuweza kuonyesha tofauti kati ya mbao nyeusi na nyekundu, au chokoleti chungu na ya maziwa. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu! Mwaka 2021 kampuni ya Google, ilipotoa simu yake ya Pixel 6, ilitangaza kwamba imeirekebisha kamera yake ili ionyeshe ngozi nyeusi kwa haki zaidi. Ni hatua njema. Lakini mwenye kamera hapaswi kungoja kampuni.

Umuhimu wa haya niliuona wazi shangazi yangu alipofariki dunia. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amehudhuria harusi ya mjukuu wake. Alikaa mstari wa mbele, amejitanda mtandio mweupe, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa na jua la saa saba likiupiga ukuta ule. Baada ya arobaini, watoto wake walitaka picha moja ya kutundika ukumbini. Simu za ndugu zilikusanywa, na picha za mpiga picha aliyekuwa amekodishwa zikatazamwa moja moja. Katika picha zile zote mtandio ulikuwepo, ukuta ulikuwepo, lakini shangazi hakuwepo. Palikuwa na kivuli cha mtu. Kijana mmoja fundi wa kompyuta alijaribu kuziangaza, na uso ukatoka na rangi ya majivu yenye chengachenga. Mmoja wa binti zake aliinuka akaenda uani, kwa kuwa hakuweza kuendelea kutazama.

Picha iliyotuokoa ilitoka kwa mpwa wangu, kutoka katika kamera yake ya mtumba. Yeye ana desturi ya kuhifadhi picha zikiwa faili ghafi, yaani hesabu zote za vikombe kama zilivyokusanywa, kabla kamera haijazichuja na kuzifinya. Faili ya kawaida ya JPEG huweka ngazi 256 tu kwa kila rangi. Faili ghafi ya kamera ile iliweka ngazi 16,384. Isitoshe, siku ile alikuwa ameongeza mwanga kwa makusudi, mpaka ule mtandio ukakaribia kuungua lakini usiungue. Fundi alipoinua vivuli kidogo, uso ulijitokeza: mikunjo ya kando ya macho, kovu dogo la utotoni juu ya nyusi, na ule mwanya aliopenda kuuficha kwa kiganja. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alikuwa kimya jioni nzima. Alipoiona alisema, "Huyu sasa ndiye dada."

Alichokifanya mpwa wangu kina jina miongoni mwa wapiga picha; wao huita kusogeza picha kulia. Njia hiyo ilienezwa na Michael Reichmann, mpiga picha wa Kanada, mwaka 2003, baada ya mazungumzo na Thomas Knoll, mmoja wa waanzilishi wa programu ya Photoshop. Kamera nyingi zinaweza kuonyesha mchoro mdogo kama vilima: upande wa kushoto ni giza, upande wa kulia ni mwanga. Kanuni ni kuongeza mwanga mpaka kilima kisogee kulia kadiri iwezekanavyo bila kugonga ukuta. Sababu ni kwamba vikombe vyenye matone mengi vina hesabu ya kuaminika zaidi, na vivuli navyo hupata riziki yao. Baadaye, kwenye kompyuta, picha hurudishwa katika weusi wake stahili, ikiwa safi. Lakini tahadhari: kuongeza namba ya ISO peke yake hakuleti tone hata moja la mwanga. Mwanga wa kweli huongezwa kwa kuipa kamera muda mrefu zaidi, kupanua tundu la lenzi, au kuleta nuru nyingine.

Kuupa uso mwanga si kuubadilisha rangi. Wapo wapiga picha wanaodhani kwamba wanamfurahisha mteja kwa kumfanya aonekane mweupe kuliko alivyo. Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer, walipobuni utaratibu wao wa madaraja ya mwanga karibu na mwaka 1940, ulikuja kuiweka ngozi nyeusi katika daraja la 5, la katikati, na ngozi nyeupe katika daraja la 6. Maana yake ni kwamba kila ngozi ina mahali pake, na picha iliyo sawa huipeleka hapo. Uso mweusi unaotunzwa vema hubaki mweusi, ila unaonyesha kila kilichomo ndani yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwahamishe watu kabla ya kuhangaika na vitufe. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na nyuma ya wateja alitundika vitambaa vya maua maua. Uso haukulazimika kushindana na ukuta mweupe. Nasi tunaweza kuwaweka wazee barazani, nyuso zikielekea uwazi na jua likiwa halijawafikia, na nyuma yao pazia la rangi ya kukolea au majani ya mti. Ikiwa hapana budi kupiga juani, shuka jeupe lililoshikwa na watoto wawili upande wa kivuli litarudisha mwanga usoni bila gharama. Taa ya kamera pia hufaa mchana, ingawa wengi huikumbuka usiku tu.

Pili, kwa mwenye simu: gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha alama ya mwanga ipande au ishuke, ukitazama uso, halafu nguo. Kwa mwenye kamera: tumia kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Nguo nyeupe zikitawala picha, jumlisha hatua 1 hivi. Zikitawala nyeusi, toa. Washa onyo la sehemu zinazopepesa. Kikipepesa kifungo kinachometa, usijali. Ikipepesa shela yote, punguza mwanga au uwahamishe watu. Tatu, kama kamera au simu inaruhusu faili ghafi, itumie kwa zile picha chache zisizorudiwa. Hula nafasi kubwa ya kadi, lakini kadi hununuliwa tena.

Kabla ya shughuli ijayo, ndugu msomaji, fanya jaribio moja nyumbani. Mchukue mzee aliye karibu nawe, mweke kwenye kiti barazani, umpige picha tatu: moja kama kamera inavyotaka, moja yenye mwanga zaidi, na moja yenye mwanga zaidi tena. Kisha keti naye mzitazame, na umuulize ni ipi anayojiona mwenyewe. Jibu lake lishike, na siku ya harusi uanzie hapo.