Mpe Kijana Kisa cha Kweli Asome

Huenda nyumbani kwako yupo kijana wa sekondari asiyegusa kitabu ila mtihani ukikaribia. Usiseme upesi kwamba ni mvivu. Mwangalie jioni watu wakisimulia habari ya simba aliyevunja zizi: habanduki, hata akiitwa kula. Habari anazipenda. Lakini kitabu chake cha sayansi humpa majibu tu. Hakimwambii nani aliuliza, wala alipata taabu gani kabla ya kujua.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kila Ijumaa nawasomea wanafunzi wa Kidato cha Pili kisa kimoja cha kweli. Wanachokipenda kupita vyote ni cha Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika friji. Siku moja Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akayaweka yakiwa ya moto. Mwenzake aliyaweka yake bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda; ya mwenzake bado. Akamwuliza mwalimu sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hapo nafunga karatasi na kuuliza, "Ni nani mwenye haki?" Darasa hugawanyika. Hata yule asiyefungua mdomo tangu Januari huja kuniomba karatasi ile. Nampa, amalizie mwenyewe.

Basi husoma kwamba Mpemba hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza swali lile lile. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, bali alikwenda kupima maji. Na mwaka 1969 habari yao wote wawili ilichapishwa katika jarida la wataalamu. Mpaka leo wataalamu hubishana, maana wengine wamepima wasione hivyo. Kijana akijua kwamba jambo halijaisha, hutaka kusoma zaidi.

Ndipo nawapa kisa cha John Snow, daktari wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja. Wengi walidhani ni hewa mbaya. Snow aliandika ni nani amekufa na alichota maji wapi. Akaona wengi walitumia pampu moja, lakini wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilicho jirani, wenye kisima chao, walikuwa salama. Mpini wa pampu ukaondolewa. Kijana aliyesoma hayo hukitazama kisima cha kijiji chake kwa macho mengine.

Wazazi, kazi hii haihitaji maktaba. Mkipata kisa cha namna hii gazetini, mwambieni kijana awasomee kwa sauti, hata kama ninyi hamkusoma sana. Akifika penye fumbo, msimamisheni: "Wewe waonaje? Tungejuaje?" Kisha mwacheni aendelee. Ila kisa kiwe cha kweli, chenye jina, mahali na mwaka. Kisa kilichotiwa chumvi humzoeza kuamini ovyo, na sayansi ni kinyume cha hayo.