Kutoka Kigoda hadi Kompyuta

Mchiriku ulikulia katika viunga vya Dar es Salaam, miongoni mwa vijana waliorithi ngoma za Kizaramo na kupenda mdundo wa chakacha. Ala zake zilikuwa za watu wasio na fedha: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, vijiti vilivyogongwa juu ya kigoda na vipaza sauti vilivyochoka. Waungwana waliuita uhuni. Kundi la Jagwa Music halikuificha mikwaruzo ya mitambo hiyo, bali liliifanya kuwa sauti yake. Mwaka 2012 albamu yao, Bongo Hotheads, ikatolewa na kampuni ya Ubelgiji.

Kisha ikaja singeli. Katika studio za Manzese, Tandale na Mburahati, kompyuta ilishika kazi ya mikono, na mwendo ukapita mapigo 200 kwa dakika. Mikwaruzo ilibaki, akabaki pia mwimbaji asimuliaye dhiki na mapenzi bila kuvuta pumzi. Kilichoondoka ni kigoda. Mpiga kigoda naye hutoka jasho, hivyo hujua lini mchezaji amechoka. Kompyuta haichoki, na kasi isiyojua uchovu huhitaji mtu wa kuichungia miguu ya wenzake.