Sinema Ikiisha, Kaa Kidogo

Mzazi mwenzangu,

Nataka kukueleza jambo lililotokea nyumbani kwangu. Labda litakusaidia na wewe.

Mimi ni mama wa kijiji cha ufukweni, karibu na Igombe, Mwanza. Kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Nilipokuwa mtoto, gari la sinema likija, tulitazama sote, wazee kwa watoto. Kesho yake tulizungumza habari ile ile tukichota maji ziwani. Siku hizi mtoto hutazama peke yake kwenye simu. Hulia peke yake na huogopa peke yake.

Jioni moja nilimkuta binti yangu wa miaka 15 analia. Alikuwa ameshika simu ya kaka yake. Nilidhani anatazama mambo mabaya. Nilinyoosha mkono nimnyang'anye. Kumbe ilikuwa sinema fupi iitwayo Watu Wote. Ni ya dakika 22 tu. Ilitengenezwa Kenya na wanafunzi kutoka Ujerumani, ikatoka mwaka 2017. Nikamwambia, "Irudishe mwanzo. Mwite na kaka yako."

Sinema hiyo inatokana na tukio la kweli. Mwezi Desemba 2015, watu wa Al-Shabaab walisimamisha basi huko Mandera, Kenya. Waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Akina mama waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016.

Katika sinema yumo mama Mkristo anayeitwa Jua. Mume wake na mtoto wake waliuawa na watu kama hao. Tangu hapo amefunga moyo wake. Kila Mwislamu anamwogopa, hata yule asiye na kosa.

Sinema ilipoisha nilitaka kusema, "Mmeona? Pendaneni." Kisha nikalale. Lakini binti yangu aliniwahi.

"Mama, mbona Jua hasemi uchungu wake? Anakaa nao tu, kama wewe na mjomba."

Nilishikwa na bumbuwazi. Kaka yangu alikufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Mamia ya watu walikufa siku ile. Picha yake iko ukutani, lakini sikupata kuwasimulia wanangu habari zake. Walijua tu kwamba haiulizwi.

Usiku ule nilisema. Nilieleza jinsi alivyopenda kucheka. Nilieleza jinsi mama yetu alivyongoja, na jinsi jina lake lilivyokuwa gumu kutajwa nyumbani. Nililia mbele ya watoto wangu.

Mwanangu wa kiume ana miaka 17. Wakati wa likizo hupenda kwenda na baba yake mdogo kuvua dagaa usiku. Kila akiaga, mimi humfokea. Aliinamisha kichwa akasema, "Mama, nilidhani hunipendi. Kumbe ulikuwa unaogopa."

Miaka yote hiyo nilimpa ukali, sababu nikamficha. Tulizungumza mpaka taa ikaisha mafuta. Tukakubaliana: ataendelea kwenda, lakini hapandi mtumbwi bila koti la kuokoa maisha, na hatoki ziwa likichafuka. Tangu siku hiyo huniaga vizuri, nami humjibu vizuri.

Basi, mzazi mwenzangu, nimejifunza haya:

1. Usimnyang'anye mtoto simu kabla ya kujua anatazama nini. Kaa mtazame pamoja.
2. Kama sinema haimfai, mweleze kwa nini. Kumkataza bila sababu ni kumfundisha kujificha.
3. Sinema ikiisha, usihubiri. Uliza: "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Kisha nyamaza, usikilize.
4. Akikuuliza habari zako, usimfukuze. Mwambie kweli kwa kadiri ya umri wake.

Kijana anayelia kwa ajili ya mtu wa kwenye sinema hajadeka. Moyo wake unajifunza kubeba uchungu wa watu. Usimwache aubebe peke yake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama huyu alimfokea mwanawe?
2. Waislamu wale wangeweza kuokoa nafsi zao. Kwa nini walikataa kujitenga?
3. Je, kuna jambo ambalo hujawaeleza watoto wako? Ni nini kinachokuzuia?