Akiba Isiyosomeka

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Bila shaka walikuwa wakiwazia ghala la nafaka, ingawa hata humo fukusi hawakosi. Fundi wa tarakilishi ana ghala lake pia, nalo ni ukanda wa sumaku uliozongwa ndani ya kasha dogo la plastiki. Usiku, wafanyakazi wanapokuwa wamekwenda zao, tarakilishi kuu hunakili humo yote yaliyotendwa mchana: hesabu za mishahara, alama za mitihani, barua, rasimu za tasnifu. Chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa kiendeshi, jina lisiloridhisha sana, kwani kazi yake hasa ni kuandika na kusoma. Maadamu kinaandika, hakuna anayekikumbuka. Kama kinaweza kusoma ni swali lisilozuka mpaka siku ya msiba.

Mathalan, viko viendeshi vya aina ya DDS, vilivyozuka mwaka 1989 na kuenea katika ofisi ndogondogo katika miaka ya 1990. Ukanda wake una upana usiotimia milimita 4, nao huvutwa kando ya pipa dogo linalozunguka kwa kasi, lenye vichwa vya sumaku. Vichwa hivyo huandika mistari ya mshazari iliyo myembamba kuliko unywele. Katika mpangilio kama huo, chembe ya vumbi ni janga. Kwa hiyo taa ya njano inapoanza kuwaka na kuzimika, fundi mwenye busara hakimbilii bisibisi. Huingiza kwanza ukanda wa kusafishia vichwa, ambao hufaa kwa takribani mara 50 tu. Ukivuka kikomo hicho, huzunguka bure. Taa isipotulia, hujaribu ukanda mpya, kwa sababu aghalabu kiendeshi hulaumiwa ilhali kilichochakaa ni ukanda uleule uliotumika kila Jumatatu kwa miaka na mikaka. Ukanda mpya nao ukikataliwa, hugeukia nyaya. Viendeshi vingi vya enzi hiyo viliunganishwa kwa mfumo wa SCSI, ambamo kila kifaa hupewa nambari yake na mwisho wa mnyororo huwekewa kizibo. Vifaa viwili vikipewa nambari moja, au kizibo kikilegea, tarakilishi hulalama kana kwamba kiendeshi kimekata roho, kumbe ki hai.

Hayo ni maradhi mepesi. Lipo moja zito, nalo ni zito kwa kuwa halina dalili. Vichwa vinaweza kupotoka mahali pake kidogo kidogo, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kiendeshi kilichopotoka huendelea kuandika mistari yake, na kikiambiwa kihakikishe, hukisoma kile kilichoandika bila kosa lolote, kwani kinasoma kwa upotofu uleule kilioandikia. Ripoti ya asubuhi husema kazi imekamilika. Mwezi baada ya mwezi kanda hupangwa kabatini, kila moja na tarehe yake. Siku kiendeshi kinapokufa na kipya kuletwa, hakuna hata ukanda mmoja kati ya hizo unaosomeka. Wanafunzi wa fasihi wanawafahamu watunzi wa namna hii, ambao diwani zao hueleweka na wao wenyewe pekee. Tofauti ni kwamba mtunzi anaweza kuulizwa maana kabla hajafariki. Ndiyo maana jaribio la pekee lenye thamani ni kuupeleka ukanda kwenye kiendeshi kingine, ikiwezekana katika jengo jingine, na kurejesha faili moja halisi. Ofisi nyingi hazifanyi hivyo. Huamini ripoti.

Wapo wanaouliza kwa nini watu wahangaike na kanda katika zama za diski kubwa na mtandao. Mnamo Februari 2011, hitilafu ya programu katika huduma ya Gmail ilizifuta barua za takribani asilimia 0.02 ya watumiaji, pamoja na nakala zake zilizokuwa katika vituo mbalimbali vya kampuni hiyo. Kilichosalimika ni kanda, kwa kuwa zilikuwa zimetengwa na mitambo mingine, na humo ndimo barua zilimorejeshwa.

Lakini kanda hutegemea mashine, na hapo ndipo ubadilishaji wa kiendeshi unapokuwa zaidi ya kulegeza skrubu nne. Katika familia ya LTO, iliyoanza mwaka 2000, desturi ilikuwa kila kizazi kipya kisome kanda za vizazi viwili vilivyokitangulia. Kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, kilivunja desturi hiyo: kinasoma kanda zake na za kizazi cha 7 tu. Mnunuzi asiyeuliza hupata mashine bora, yenye kasi, na iliyo bubu mbele ya kabati zima la kanda za zamani. Ukanda uliotunzwa vyema hukadiriwa kudumu hata miaka 30. Mashine ya kuusoma haidumu sokoni kwa muda huo.

Shirika la NASA linalijua hilo. Mwaka 1966 na 1967 vyombo vitano vya Lunar Orbiter viliupiga Mwezi picha, na mawimbi yaliyopokelewa Duniani yakanaswa katika kanda ambazo baadaye zilifikia takribani 1,500. Kanda hizo zilisomwa na mashine za Ampex FR-900, kubwa kama friji, ambazo hatimaye hazikuundwa tena. Mtunza kumbukumbu Nancy Evans alikataa kanda zisiharibiwe, na kwa miaka mingi akazihifadhi mashine hizo nyumbani kwake. Kuanzia mwaka 2007 kikundi kidogo kilizichukua mashine na kanda hadi California, katika mkahawa wa McDonald's uliokuwa umefungwa ndani ya eneo la kituo cha utafiti cha NASA. Mafundi wakachomoa vipuri katika mashine moja kutibu nyingine. Novemba 2008 picha ya kwanza ilitolewa: Dunia ikichungulia juu ya upeo wa Mwezi, kama ilivyoonekana tarehe 23 Agosti 1966, safi kuliko nakala zilizochapishwa mwaka huo.

Mtafiti wa fasihi simulizi aliyenasa sauti za manju na wasimulizi katika kaseti, na ambaye redio yake ya kaseti ilikwishauzwa kwa bei ya chuma chakavu, yumo katika hali iyo hiyo, ila yeye hana Evans.

Fundi stadi, basi, hakitupi kiendeshi cha kale siku kipya kinapofika. Kikiwa bado kinapumua, hukiacha kwanza kisome kanda zake zote, moja baada ya nyingine, na kuyahamishia yaliyomo katika kanda mpya. Kazi hiyo huweza kuchukua majuma. Kisha hukifunga katika sanduku pamoja na waya wake, kizibo chake na diski ya programu yake, na kuandika ubavuni, kwa kalamu ya wino mzito, ni kanda zipi kinazozisoma.